Shingles Imeisha Lakini Mkono Umekataa Kuinuka? Hii Ndiyo Rada

Unakumbuka ile video ya Justin Bieber ya Juni 2022? Jamaa alikuwa na miaka 28, yuko katikati ya ziara ya dunia, halafu anatokea Instagram nusu ya uso imegoma kabisa. Jicho moja halipepesi, tabasamu inaenda upande mmoja tu, hata tundu la pua la upande huo halisongi. Shoo zikaahirishwa. Mtandaoni kila mtu akawa daktari, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameshasema ni nini: Ramsay Hunt, shida inayotokea kirusi cha shingles kikiamka kwenye neva ya uso, karibu na sikio.

Wengi waliichukua kama stori ya masuperstar, wakascroll wakaenda. Kitu ambacho haikusemwa sana ni kwamba kirusi hicho hakina shida na uso peke yake. Kinaweza kufanya mambo yale yale kwa bega, kwa vidole, kwa goti ama kwa mguu. Na kinaweza kumfanyia mtu yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga, yaani karibu kila mtu unayemjua hapa Isinya, kuanzia msee wa nduthi anayengoja abiria wa kwenda Kiserian hadi mathe anayeshona shanga kando ya Namanga Road.

Kwa hivyo kama wewe ama mtu wa kwenu alikuwa na shingles wiki mbili zilizopita, malengelenge yamekauka, na sasa mkono hauinuki ama mguu unakunja wenyewe, usiambiwe ni uchovu. Usiambiwe ulilalia mkono vibaya. Kuna neva imeumia, madaktari wanaijua hii kitu, na mara nyingi nguvu hurudi. Lakini inataka mtu aende hosi mapema na aongee vizuri akifika huko.

Kirusi kiliingia ukiwa mtoi

Tuanze na jina. Shingles kwa Kiswahili ni mkanda wa jeshi, kwa sababu malengelenge hujipanga upande mmoja wa kiuno ama kifua kama mshipi wa askari. Wagiriki wa kale waliona vile vile. Madaktari huuita ugonjwa huu "zoster", na hilo ni neno la Kigiriki la mshipi.

Shingles haiambukizwi vile homa huambukizwa. Unakuwa nayo ndani tayari. Ulipokuwa mtoi ulipata tetekuwanga, ukajikuna, ukapakwa ile losheni ya pinki, ukakosa shule siku kadhaa, ukarudi. Nyumbani wakajua imeisha. Kirusi nacho hakikutoka. Kilipanda na neva hadi kwa vifundo vidogo vilivyo kando ya uti wa mgongo, kikalala hapo. Kinaweza kulala miaka 10, 30, hata 60, na watu wengine wanazeeka nacho bila kusikia chochote.

Kinga ya mwili ikishuka, kinaamka. Umri ni sababu kubwa, ndiyo maana shosh na guka hupatwa zaidi. Lakini kijana pia anaweza kupata: HIV, kansa, dawa zinazopunguza kinga kama steroidi za muda mrefu, na mara nyingine hakuna sababu yoyote inayoonekana. Nchini Marekani wanakadiria mtu mmoja kati ya watatu atapata shingles maishani mwake, kwa hivyo hii si kitu ya ajabu.

Kinachochanganya watu ni kwamba maumivu hutangulia. Siku mbili, tatu, hata zaidi kabla ya kipele cha kwanza, unasikia sehemu moja ikichoma kama imepakwa pilipili, nguo ikigusa unaruka. Ikiwa kifuani unadhani ni moyo, ikiwa mgongoni unadhani ni figo. Halafu malengelenge yanatokea kwa vikundi, upande mmoja tu wa mwili, na yakifika katikati ya kifua ama ya mgongo yanasimama hapo.

Hapo kwa kusimama ndipo kuna zile stori za jaba ambazo kila mtaa unazo, kwamba mkanda ukizunguka ukakutana, mtu anakufa. Kila neva inayotoka kwa uti wa mgongo inahudumia nusu moja ya mwili. Ya kushoto haivuki kwenda kulia, kwa hivyo mkanda kwa kawaida hauna njia ya kuzunguka. Kuna watu wachache wanaotokewa na malengelenge pande zote ama mwili mzima, na hao wanahitaji hosi haraka, lakini ni kwa sababu kinga yao iko chini sana. Hiyo mambo ya mkanda kufungana haina kazi hapo.

Sasa, malengelenge yanahusiana aje na misuli?

Fikiria keja ya kupanga hapo Kitengela. Kwa ukuta kuna paipu moja ya plastiki, na ndani yake fundi amepitisha waya mbili. Moja inatoka kwa kengele ya mlango kuja kwako, inakuletea habari. Nyingine inatoka kwa swichi kwenda kwa taa, inapeleka amri. Ukiangalia paipu kwa nje huwezi kujua ziko mbili.

Neva ziko hivyo. Kwa kila ngazi ya uti wa mgongo kuna mzizi wa nyuma na mzizi wa mbele. Wa nyuma unaleta habari kutoka kwa ngozi: moto, baridi, maumivu, mguso. Wa mbele unapeleka amri kwa misuli: inua, finya, kunja, simama. Inaungana, inatoka pamoja kama neva moja. Kirusi cha shingles hulala kwa ule wa nyuma, wa habari. Kikiamka, kwa watu wengi kinashuka na waya hiyo hadi kwa ngozi na kuleta malengelenge, basi.

Kwa wachache kinaenda na upande wa pili pia. Uvimbe unarudi kuelekea kwa uti wa mgongo na kuvuka hadi kwa mzizi wa mbele, kama vile moto wa chumba kimoja unavyoingia kwa jirani kwa sababu katikati ni mabati tu. Waya ya amri ikiungua, ubongo unatuma "inua mkono" na msuli haupati ujumbe. Msuli wenyewe ni mzima.

Ndiyo maana mahali malengelenge yalitokea huwa panakuambia ni msuli gani utalegea. Yakiwa kwa bega na juu ya mkono, utashindwa kuinua mkono kuchana nywele ama kutundika nguo kwa kamba. Yakiwa upande wa kidole kidogo, nguvu ya kufinya inaisha. Yakiwa mbele ya paja, goti linakunja ghafla ukishuka ngazi. Yakiwa upande wa nje wa mguu chini ya goti, nyayo haiinuki, unaanza kuburuta vidole na slipa inakutoka kila hatua tatu. Yakiwa tumboni, upande mmoja wa tumbo unaweza kufura kwa sababu misuli ya hapo imelegea. Unakuwa na kitambi cha upande mmoja, na kuna watu wameambiwa ni henia wakati ni neva.

Haya si mambo mapya. Mwaka wa 1866 daktari Mwingereza kwa jina Broadbent aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu mgonjwa aliyetokewa na malengelenge mkononi, kisha mkono huo huo ukapooza kiasi. Zaidi ya miaka 150 baadaye, bado inapita bila kutambuliwa. Makadirio mengi ya wanaopata udhaifu wa mkono ama mguu baada ya shingles yako chini ya watu 5 kwa kila 100, lakini vipimo vya umeme wa misuli vimeonyesha kuna wengine ambao misuli yao imeguswa kidogo bila wao kujua.

Sababu moja kubwa ya kupitwa ni maumivu. Shingles inauma vibaya, na mtu akiumwa na mkono haubebeshi kitu. Kwa hivyo mgonjwa anasema "siwezi kuinua kwa sababu inauma", na daktari mwenye foleni ya watu hamsini anakubali. Angalia kitu hiki: ukimeza dawa, maumivu yakapungua, na mkono bado haupandi, hiyo si maumivu. Na angalia siku. Udhaifu kwa kawaida huja baada ya malengelenge, mara nyingi ndani ya wiki mbili ama tatu, wakati ambapo ngozi inakauka na kila mtu kwa nyumba anasema umepona.

Kwa mtu wa Isinya hii ni ganji

Msee wa ofisini mkono wa kushoto ukilegea anaandika na wa kulia. Kwa nduthi hakuna hiyo. Mkono wa kushoto ndio klachi, wa kulia ndio mafuta na breki ya mbele. Mguu wa kushoto gia, wa kulia breki ya nyuma. Hakuna kiungo kinachokaa bure. Ukikosa nguvu ya kufinya klachi, unaweza bado kuendesha kwa ile barabara ya murram nyuma ya sentá, lakini ukiingia Namanga Road na trela la simiti liko nyuma yako, hiyo sekunde moja ya vidole kukataa ndiyo shida yote.

Kwa mashamba ya maua ni makasi siku nzima, mamia ya mashina. Kwa wamama wa shanga ni sindano na uzi, kazi ya vidole viwili. Kwa mtu wa ng'ombe ni kukamua. Hawa wote hawalipwi wakikaa nyumbani, na ndio maana wengi watavumilia wiki tatu wakingoja mkono "urudi wenyewe" kabla ya kupanda mat kwenda hosi. Wiki hizo tatu ndizo zilikuwa za maana.

Saa 72, na ile shida ya Nairobi fly

Dawa za kupigana na kirusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72 tangu malengelenge ya kwanza. Inayojulikana zaidi ni asikloviri, kwenye pakiti imeandikwa Acyclovir, ya kumeza, na kwa mtu mzima hunywewa mara tano kwa siku kwa wiki nzima ama zaidi kidogo. Kuna valasikloviri pia, ambayo ni mara tatu kwa siku. Daktari ndiye wa kupanga dozi, hasa kama figo zako zina shida, na unatakiwa kunywa maji ya kutosha. Dawa hizi haziwezi kufuta kirusi mwilini, lakini zinakikatia mbio kabla hakijaharibu sana.

Shida ni kwamba saa 72 kwetu huishia mahali pengine. Malengelenge yakitokea, kitu ya kwanza mtu husema ni "hiyo ni Nairobi fly". Na kusema kweli si ujinga, kwa sababu huyo mdudu yuko, msimu wa mvua anajaa kwa taa za nyumba, na baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 Kenya iliteseka naye kweli kweli. Yeye haumi. Ukimponda kwa ngozi, maji ya mwili wake ndiyo yanachoma. Lakini alama yake hutokea siku moja ama mbili baada ya kumponda, bila maumivu ya awali, mara nyingi kama mstari mahali ulimpangusia ama kama alama mbili zinazotazamana mahali ngozi inakunjika. Shingles inakuja na siku kadhaa za kuchoma ndani kwanza, halafu vikundi vya malengelenge vinavyofuata ukanda mmoja, upande mmoja. Ukikumbuka hiyo ya kuchoma kwanza, hutachanganya.

Kituo cha pili ni kemisti. Unatoka na tyubu ya krimu. Krimu ya asikloviri haisaidii shingles, kwa sababu kirusi kiko kwa neva na krimu iko kwa ngozi. Krimu za steroidi zinaweza kuharibu zaidi. Antibiotiki haziui kirusi, zinatumika tu kama vidonda vimeingia usaha. Kituo cha tatu ni jirani mwenye majivu, dawa ya meno ama mafuta ya moto. Hiyo ya mafuta moto naiogopa kuliko zote, kwa sababu ngozi ya hapo inaweza kuwa imekufa ganzi na unaungua bila kusikia.

Kama saa 72 zimepita, bado enda. Malengelenge mapya yakiwa bado yanatokea, ama mkono umeanza kulegea, madaktari wengi watakupa dawa hata ukiwa umechelewa. Wengine huongeza steroidi za kumeza, lakini hapo madaktari wenyewe hawajakubaliana, kwa hivyo usijinunulie.

Ukifika, sema hivi

Ukiwa Isinya anza na kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Hospitali za rufaa za upande huu ni ile ya kaunti ndogo pale Kitengela na ile ya kaunti mjini Kajiado, na zikishindwa zinakutuma Kenyatta. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, ni SHA, na kujisajili ni *147# kwa simu yako. Fanya hivyo leo ukiwa mzima, usingoje kupanga foleni ukiwa na mkono mmoja.

Usiseme tu "naumwa na mkono". Mkono unauma kwa sababu mia moja. Sema: "Nilikuwa na shingles hapa, ilianza tarehe fulani, na tangu wiki hii siwezi kuinua mkono." Onyesha alama. Kama malengelenge bado yako, piga picha na simu, ikae na tarehe yake, kwa sababu ukingoja wiki tatu ngozi itakuwa safi na utakuwa unabishana na mtu asiyeona kitu. Daktari atakupima nguvu ya misuli, atagonga magoti na viwiko na kale kanyundo, na mara nyingi hiyo historia pamoja na alama zinatosha. Picha za MRI na vipimo vya umeme wa neva viko hosi kubwa na vina bei yake. Si kila mtu anavihitaji.

Kuna hali ambazo hazingojei asubuhi, hata kama ni saa nane usiku na lazima umwamshe jirani mwenye gari. Miguu yote miwili ikilegea, ama mkojo ukikataa kutoka, kirusi kinaweza kuwa kimeingia kwenye uti wa mgongo wenyewe. Uso, mkono na mguu wa upande mmoja vikigoma kwa mpigo, ama maneno yakaanza kuvurugika, hiyo ni kiharusi hadi ithibitishwe vingine. Ndiyo, hata kwa kijana, kwa sababu kirusi hiki kinaweza kuvimbisha mishipa ya damu ya ubongo wiki ama miezi baada ya shingles. Malengelenge yakifika kwa ncha ya pua ama karibu na jicho, macho yako hatarini. Na malengelenge ya sikio pamoja na uso kulegea ndiyo ile ya Bieber.

Tuongee ile kitu watu wanaogopa

Mtaani, mtu wa miaka 26 akipata shingles, watu wanaanza kunong'ona. Hiyo minong'ono ina historia. Miaka ya 1980, madaktari waliokuwa Kinshasa na Kigali walianza kuona vijana wengi wenye mkanda wa jeshi, wakapima, wakakuta wengi wana HIV. Mwaka wa 1995 ukachapishwa utafiti kutoka Kenya kuhusu shingles kama dalili ya kwanza kabisa ya HIV. Hadi leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaihesabu kwenye hatua ya pili ya ugonjwa huo, yaani mapema, wakati mtu bado anaonekana fiti kabisa.

Kwa hivyo ukienda hosi na shingles ukiwa kijana, utaombwa upimwe. Usichukulie ni matusi. Wengi hupimwa na kukutwa hawana kitu, wanaenda nyumbani wakiwa na amani. Aliye nacho amepata bahati ya kujua mapema, kabla ya TB ama meninjitisi kumjulisha kwa njia mbaya. Kipimo ni bure kwa vituo vya serikali, na dawa pia. Ninachochukia mimi ni vile hiyo minong'ono inafanya msee afiche malengelenge chini ya hudi wiki nzima, saa 72 zinaisha, halafu anakuja kutafuta msaada akiwa na mkono unaoning'inia. Aibu ya mtaa imemfanyia kirusi kazi yake.

Na kwa mwenye ameanza ARV juzi: shingles inaweza kutokea miezi ya kwanza kwa sababu kinga inaamka na kuanza kupigana. Hiyo si dawa kukataa. Usiache kumeza, nenda kliniki yako uwaonyeshe.

Mkono utarudi lini?

Kwa wengi unarudi. Ripoti za madaktari zinaonyesha karibu wawili kati ya watatu, ama zaidi, hupata nguvu yote ama karibu yote. Wengine hubaki na udhaifu kidogo, na wachache hawasongi sana. Ila sahau mambo ya wiki mbili. Neva iliyokatika ndani humea upya kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa siku. Piga hesabu: kutoka shingoni hadi kwa msuli wa bega ni kama sentimita 20, hiyo ni zaidi ya miezi sita. Kutoka shingoni hadi kwa vidole ni mara tatu ya hapo. Neva ambayo imechubuka ganda tu bila kukatika hurudi haraka zaidi, na ndiyo maana watu wawili wenye shingles mahali pamoja wanaweza kupona kwa nyakati tofauti kabisa. Bieber mwenyewe alianza Juni 2022, akajaribu kurudi jukwaani, Septemba akasimamisha ziara tena, na ilikuwa Machi 2023 ndipo akaonyesha mashabiki kwamba tabasamu imerudi pande zote. Miezi tisa, na yeye hakukosa doh ya daktari.

Kazi yako kwa hiyo miezi ni kuhakikisha neva ikifika ikute kiungo kinachosonga. Bega likikaa bila kusongeshwa hukakamaa, halafu hata nguvu ikirudi haliinuki. Fizio wa hosi atakuonyesha jinsi ya kulisongesha kwa kutumia mkono mzima, kidogo kidogo, kila siku. Mkono ukiwa mzito, ukiubeba kwa kitambaa shingoni ukitembea bega halivutwi chini. Nyayo ikiwa hainyanyuki, tupa slipa, vaa kiatu kinachofunga, na uliza kuhusu kifaa cha kushikilia mguu. Gym ya kuinua chuma usiikimbilie. Maumivu ya kuchoma yakibaki baada ya ngozi kupona, Panadol hazitoshi. Kuna dawa za maumivu ya neva kama amitriptilini na gabapentini, na ni za daktari.

Nyumbani, malengelenge yakiwa bado na maji, yafunike na usishare taulo. Hutampa mtu shingles, lakini unaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, na kwa mama mjamzito ama mtoi mchanga hiyo ni ngori kubwa. Yakishakauka yote na kufanya magamba, hiyo hatari imeisha.

Kuhusu kurudi kazini, kuna kitu watu hawajui wanaweza kuuliza. Madaktari na mafizio hupima nguvu ya msuli kwa namba, kutoka 0 hadi 5. Sifuri ni msuli haushtuki hata kidogo. Tatu ni unaweza kuinua mkono wenyewe hewani, lakini mtu akiusukuma chini na kidole kimoja unaanguka. Nne ni unashindana naye lakini anakushinda. Tano ni kawaida. Kila ukienda kliniki uliza namba yako na uiandike kwa simu na tarehe, kwa sababu mkono unaorudi polepole hauonekani kwa macho ya kila siku, lakini kutoka 2 hadi 3 kwa miezi miwili ni habari njema. Ukiambiwa kiganja cha klachi bado kiko 3, nduthi ibaki kwa steji, umpe mbogi yako mmoja akufanyie squad mgawane za siku.